SALAMU ZA ASUBUHI: WAZEE WETU NA MAKUNDI YA SIMU
(Mazungumzo ya mwanakikundi, muuguzi mstaafu, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, Makorora, Tanga)



Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuifikia siku hii. Kikundi kutimiza miaka kumi si jambo dogo. Tunavijua vilivyoanza pamoja nasi mwaka 2015, na leo hata sanduku lao halijulikani liliko. Hesabu za hisa, mikopo na mgao wa kila mwaka ameshazieleza Mweka Hazina, na amezieleza vizuri, kwa hiyo mimi sitazigusa. Kamati imenipa dakika ishirini na mada ambayo baadhi yenu mlipoiona kwenye ratiba mlicheka kidogo: wazee na makundi ya simu.

Niseme mapema kwa nini imechaguliwa mada hiyo. Mwezi ujao tuna Mkutano Mkuu. Katika ajenda limo pendekezo lililoletwa na wenzetu vijana, nao wana haki kamili ya kulileta, kwamba lile kundi letu la WhatsApp libaki kuwa la hesabu na matangazo tu. Salamu, maua, dua na picha za vikombe vya chai zikome. Na mtu asiyenunua hisa kwa miezi sita aondolewe katika kundi. Sababu zao nimezisikia. Simu zinajaa. Mtu yuko kazini, simu inalia mara thelathini kabla ya saa tatu asubuhi, anafungua akidhani ni tangazo la kikao, anakuta ua jekundu na maneno "Amkeni salama wapendwa". Tena ni ua lile lile la jana. Nakubali jamani, ua la jana linachosha.

Lakini angalieni ni nani wanaotuma maua hayo. Wengi wao wamevuka miaka sitini. Na wengi katika hao ndio hao hao ambao hawanunui tena hisa, kwa sababu biashara ya vitumbua au ya samaki imewashinda, magoti hayataki, macho hayaoni. Kwa hiyo pendekezo hili ukilisoma haraka utaona ni la kusafisha simu. Ukilisoma polepole utaona linagusa watu, na watu wenyewe tunawajua kwa majina. Ndiyo maana nimeona, kabla hatujanyoosha mikono, tuulizane: hawa wazee wanafuata nini humo?

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka zaidi ya thelathini. Katika kliniki ya presha tulikuwa na kina mama waliokuja kila wiki, hali daktari amewaandikia waje mara moja kwa mwezi. Mwanzoni unadhani hawakuelewa maelekezo. Unampima, presha haina neno. Unamwambia, mama uko salama, uje mwezi ujao. Haondoki. Anahama tu kutoka kiti hiki kwenda benchi lile, anamsogelea mwenzake, wanaanza: kwako wazima? Yule mjukuu amepona? Saa nne inafika, saa tano, ndipo anajifunga khanga vizuri, anaaga, anakwenda zake amechangamka kuliko alivyokuja. Wauguzi wapya walikuwa wakikasirika kwamba wanajaza nafasi bure. Sisi wakongwe tulikwisha kujua kwamba hakuja kupimwa. Alikuja kuamkiwa, naye aamkie. Lile benchi ndilo lilikuwa kundi lake, na kama tungeweka dirisha la dawa mahali pa benchi tungemfukuza bila ya kumwambia neno.

Upweke haumwingii mtu mzima kwa siku moja. Unaanza na kustaafu: leo umeagwa kwa keki na mabati kumi, kesho asubuhi hakuna mahali panapokungoja. Kisha mume anatangulia mbele ya haki. Watoto, na ni baraka kwamba wamepata kazi, mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Mombasa, mwingine ameolewa Muscat. Kisha wale wa rika lako wanaanza kuondoka mmoja mmoja. Kila ukienda mazikoni unarudi na mtu mmoja pungufu wa kumwambia "unakumbuka". Kisha ni magoti. Mtu aliyekuwa akitembea kutoka hapa hadi Ngamiani kumjulia hali dada yake, sasa hata kufika barabarani ni safari.

Na mambo mengine tuliyoyashangilia nayo yamechangia. Bomba limeingia ndani. Nami nashangilia mpaka leo, asije mtu akanirudisha kwenye foleni ya ndoo! Lakini foleni ile ilikuwa baraza. Pale ndipo ulipojua nani amejifungua, nani anaumwa, nani amegombana na mumewe na nani alikuwa na haki. Nyumba zikajengewa ukuta na geti. Mwizi amezuiwa, na jirani naye amezuiwa. Siku hizi hodi inapigwa kwa simu kwanza: "Upo? Nije?" Zamani nani aliuliza?

Hapa watu hunijibu: lakini mama fulani haishi peke yake, nyumba imejaa watoto na wajukuu. Ni kweli. Kumbe mtu anaweza kuwa mpweke katikati ya watu tisa. Mwaka 1973 mtaalamu mmoja wa Marekani wa elimu ya jamii, Robert Weiss, aliandika kitabu juu ya upweke, akaugawa mara mbili. Upo upweke wa kumkosa mtu mmoja wa karibu, kama mume au mke, na upo upweke wa kukosa watu wa kushirikiana nao, wenzako, wale wanaokufanya ujione ni mmoja wao. Akasema mmoja hauponyi mwingine. Mwenye mume mwema akihamia mji asiomjua mtu atalia kwa kukosa mashoga. Na aliyefiwa, hata umzungushie mashoga mia, usiku kile kitanda ni kile kile. Tafadhali mliweke hilo akilini, nitalirudia. Huyu bibi mwenye wajukuu nyumbani hana shida ya watu. Ana shida ya wenzake. Mjukuu anampenda, lakini mjukuu hajui foleni za sukari na sabuni za mwaka 1983, hajui Tanga ya mkonge ulipokuwa mkonge, na ukimtajia Black Star na Lucky Star anadhani ni majina ya timu za mpira.

Wapo pia wanaosema upweke ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tuna undugu. Kweli, Waingereza wamefika mahali pa kumpa waziri kazi ya kuushughulikia upweke, mwaka 2018, na Wajapani wakafuata mwaka 2021, na sisi tulisoma habari zile tukicheka. Sasa sikilizeni. Mwezi wa Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake juu ya jambo hili. Inasema duniani mtu 1 kati ya 6 anasumbuliwa na upweke. Inasema upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka, ndiyo kusema kama vifo 100 kila saa. Na inasema, hapa niliposoma nilirudia mara mbili, kwamba katika nchi zenye kipato cha chini waliosema ni wapweke ni kama asilimia 24, na katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Sisi tuliodhani tumekingwa na undugu! Na vijana msijione mmesalimika, kwani ripoti hiyo hiyo inawataja vijana kuwa miongoni mwa wanaoumia zaidi. Kwa muuguzi takwimu hizi si ajabu. Mtu asiye na wa kumuuliza "umekunywa dawa?" huacha dawa. Mtu asiye na wa kula naye hupika chai na mkate mchana na jioni. Moyo na sukari haviongezeki kwa uchawi.

Basi ndipo simu inapoingia. Lakini nisingependa tuione kama jambo jipya lililoshuka jana, kwa sababu wazee hawa wana historia ndefu ya kukutana kwa njia ya chombo. Walio na umri wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio moja, watu wamekaa chini ya mwembe kuizunguka, kila wiki, kipindi kikiisha wanajadiliana, kisha wanakwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Walioshiriki nchi nzima walikuwa kiasi cha watu milioni 2. Wengi wa kina mama wale ndio waliopata kusoma katika kisomo cha watu wazima miaka hiyo hiyo. Baadaye zikaja salamu za redio. Mnazikumbuka kadi za salamu? Mtu ananunua kadi, anajipa jina la kishujaa, anawasalimu watu ishirini wa mikoa mitano ambao hata sura hajawaona, na jioni nyumba nzima inanyamaza kusikiliza kama ametajwa. Mashabiki wale walifikia hatua ya kutembeleana, kuchangiana harusi na kuzikana. Hakuna aliyesema wanajaza redio.

Na wenzetu wa ng'ambo walijaribu mapema. Mwaka 1986, San Francisco, Marekani, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Mary Furlong alianzisha mpango ulioitwa SeniorNet, wa kuona kama kompyuta inaweza kumfaa mzee katika maisha yake. Enzi hizo kompyuta ziliunganishwa kwa waya wa simu ya mezani, ziko polepole kama konokono. Wazee wakafundishwa, na muda si muda wakawa wanaandikiana wao kwa wao, mji kwa mji. Kwa hiyo anayesema mzee na mitambo haviendani amechelewa karibu miaka arobaini.

Hapa kwetu mlango ulifunguka kwa WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009. Lakini mimi naona kilichowaingiza wazee hasa ni ujumbe wa sauti, uliokuja mwaka 2013. Kabla ya hapo mwenye macho mabovu, au ambaye kisomo chake kiliishia kuandika jina, alikuwa nje. Sauti imemwingiza ndani na lafudhi yake, na kikohozi chake, na jogoo wake anayewika nyuma. Mtu akisema "mimi sijambo" kwa sauti, muuguzi anasikia kama kweli hajambo. Kwa maandishi husikii.

Sasa humo ndani wanafuata nini? Nimo katika makundi manne: letu hili, la wauguzi wastaafu, la tuliosoma pamoja, na la ukoo. Nimewasikiliza wazee humo kwa miaka, nami nitasema ninavyoona.

Kwanza wanafuata kuitikiwa, na tena, siku wasipoitika, mtu aone. Ile salamu ya asubuhi vijana mnaiona haina habari ndani yake. Ni kweli haina habari, isipokuwa moja: nimeamka. Mnaikumbuka habari ya mwaka juzi, ya mzee wetu mmoja wa upande wa Mikanjuni, simtaji, mwenyewe yuko hapa ananitazama. Alikuwa wa kwanza kila siku, kabla ya saa kumi na mbili, na ua lake. Siku ile kimya. Mjukuu waliyeishi naye alikwenda shule akijua bibi amelala. Aliyeshtuka ni shoga yake aliyeko Muscat kwa binti yake, ambako saa zao zimetutangulia kwa saa moja. Akaandika: "Mbona fulani hajaamka leo?" Akarudia. Jirani mmoja katika kundi akaenda kugonga, akazunguka nyuma, akamkuta chini bafuni, sukari imeshuka, anahema. Nilipofika nilikuta ameshapewa maji ya sukari na anawauliza waliomzunguka kwa nini hawajanywa chai. Sasa niambieni, tangazo la kikao lingemwokoa vipi? Aliyejua kwamba kuna pengo ni yule aliyezoea lile ua, na alikuwa ng'ambo ya bahari.

Pili ni rika. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Laura Carstensen, ametafiti kwa miaka mingi jinsi watu wanavyochagua wa kuwa nao. Anaeleza kwamba mtu anapoona siku zilizo mbele zimepungua, huacha kukusanya watu wapya na hushika wale wenye maana moyoni mwake. Hilo linanionyesha kwa nini kijana hufungua simu akakutana na wageni, na mzee hufungua simu akawatafuta waliokaa naye dawati moja. Katika kundi letu la shule tuko watu wenye mvi, wastaafu wa bandari, wa reli, walimu, mabibi na mababu. Humo ndani tunaitana kwa majina ya utani ya darasa la nne ambayo nikiyasema hapa wajukuu hawatatuheshimu tena. Na hiyo ndiyo raha yake. Siku nzima wewe ni "bibi", ni "mama fulani", ni "mgonjwa wa kitanda kile". Ukifika humo, wewe ni wewe. Akifa mmoja, wapo watu wanaomlilia kama msichana aliyeshinda mbio za magunia, wala si kama marehemu mwenye umri wa miaka sabini na saba.

La tatu ni kuhitajika, na hili ndilo linalosahaulika zaidi. Wazee wetu wanapewa sana siku hizi: wanapewa dawa, wanapewa khanga za Idi, wanapewa nauli. Anayepewa tu huanza kujiona mzigo. Sasa tazameni lile kundi letu saa tisa usiku. Mama mchanga anaandika: mtoto analia, tumbo limejaa, sijui nifanyeje. Saa hiyo nani yuko macho? Bibi! Wazee hawalali. Dakika haijaisha ujumbe wa sauti umekuja: mbebe begani, mpapase mgongo, usimpe kitu kingine zaidi ya ziwa. Mimi muuguzi naongeza yangu, kwamba mtoto akiwa na homa asingojewe alfajiri. Na wale wanaoshauri majani nawakatalia pale pale, wananijua. Lakini yule bibi aliyejibu saa tisa atakula staftahi yake akijua kuna mtu amefaidika kwa yeye kuwa hai.

Nisije nikaonekana nasifu simu kama muuza simu. Matapeli wanawajua wazee kuliko sisi tunavyowajua. "Ile hela tuma kwenye namba hii" umeshawaliza watu katika mtaa huu, na kuna aina mpya: namba ya mtu unayemjua imeporwa, anaomba mkopo wa haraka kwa lugha tamu, eti yuko hospitali. Tumekubaliana humo kwamba hakuna kutuma pesa kabla hujampigia na kumsikia sauti, na sasa hata sauti zinaigizwa, basi muulize jambo ambalo ni ninyi wawili tu mnalijua. Wapo waganga wa mtandaoni wenye dawa moja ya magonjwa kumi na saba. Mwaka 2020 wakati wa korona kila simu iligeuka duka la dawa, na nilichoka kukanusha. Kuna ugomvi wa siasa na wa dini. Kuna bando, ambalo kwa mtu asiye na kipato ni kuchagua kati ya kuzungumza na kununua dagaa.

Na kuna ubaya mmoja ambao hautoki kwa wazee. Ni watoto wetu. Kijana yuko Dar es Salaam, saa tano kwa basi. Anaandika "Shikamoo mama", anajibiwa "Marahaba mwanangu", anafunga simu na kuhesabu kwamba ameshamwona mama. Mwaka unapita. Nilisema yule Weiss tutamrudia: kundi la simu linaponya upweke wa kukosa wenzako, haliponyi ule wa kumkosa wako. Mama hakuzaa ua la waridi. Hali kadhalika kwenye misiba. Siku hizi rambirambi inatumwa kwa simu, jina linasomwa, ahsante. Lakini unauliza ni nani amekuja kuosha masufuria, unakuta ni wale wale watano. Mwenye miguu yake na nauli yake asijifiche nyuma ya simu. Simu ni ya yule ambaye miguu imemkatalia.

Nirudi kwenye pendekezo. Vijana wana haki ya kutaka hesabu zisipotee katikati ya maua. Mimi mwenyewe nimewahi kutafuta tangazo la tarehe ya mgao nikapitia chai ishirini na sita. Basi tuwe na makundi mawili. La kwanza la hesabu, ambamo wanaoandika ni viongozi peke yao. WhatsApp inaruhusu hivyo tangu mwaka 2018, Katibu anajua pa kubonyeza. La pili liwe baraza, la salamu na dua na maua na maswali ya saa tisa usiku, na humo asiondolewe mtu yeyote kwa sababu ya hisa. Anayesumbuliwa na mlio aunyamazishe, ni kubonyeza mara mbili tu. Lakini naomba watu wa zamu wasinyamazishe. Nasema zamu, kwa sababu napendekeza tupange wawili kila wiki, kijana mmoja na mtu mzima mmoja, wa kuangalia nani hajaitika hadi saa tatu asubuhi na kumpigia. Wale wenye simu za kitochi, ambao hawamo kabisa katika WhatsApp, nao wawe katika orodha hiyo hiyo. Wao wapigiwe tu. Hao ndio wa kwanza kusahaulika tunapozungumza mambo haya, kwa vile kila mwenye simu kubwa anadhani wote wanayo.

Kuhusu bando, Mfuko wetu wa Jamii umekuwa ukitoa kwa ugonjwa na msiba. Sioni kwa nini usitoe kidogo kwa jambo linalochelewesha vyote viwili. Kiasi gani, sisemi, hiyo ni kazi ya Kamati na Mweka Hazina, naye ameshanikunjia uso.

Na kwa wale wanaouliza, kwa nini tumbebe mtu asiyenunua hisa? Fungueni daftari la mwaka wa kwanza. Lile sanduku lilipokuwa halina pa kukaa, lililala chini ya kitanda cha nani? Mmoja wa washika funguo watatu alikuwa nani, yule aliyekuja kikaoni na mvua ya masika ili tuweze kufungua? Tulipokosa mtu wa kutudhamini ukumbi, ni nani aliyetutolea uwanja wake tukakaa kwenye mikeka miaka miwili? Majina yamo, kwa mwandiko wa Katibu wa kwanza. Watatu kati yao wamo katika orodha ya watakaoondolewa pendekezo likipita kama lilivyo. Mimi sidhani aliyeliandika alilijua hilo. Alikuwa bado yuko sekondari.

Vijana, kuna kazi moja nawaomba hata kabla ya Mkutano Mkuu, haihitaji kura. Kila mmoja amchukue mzee mmoja, akae naye nusu saa. Amkuzie herufi za simu, maana maandishi yapo ya kukuzwa na wengi hawajui. Amwonyeshe kufuta picha za zamani ili simu isijae. Amwekee namba za watu wanne wa karibu mwanzoni kabisa. Amfundishe kupiga picha ua la kwake mwenyewe, la kwenye kopo pale mlangoni, ili tupumzike na lile jekundu. Na akimaliza asiondoke mbio. Akiletewa chai anywe.

Ndugu Mwenyekiti, kuna wenzetu watatu hawakuweza kufika leo kwa sababu ya afya. Biriani yao imeshafungwa, inapelekwa sasa hivi. Katibu amekuwa akiwarekodia hotuba hizi kwa sauti na kuwatumia vipande vipande, na naona simu yake imewaka mara kadhaa nikiwa nasema. Ameniandikia kikaratasi hapa: mmoja amejibu kwamba amesikia, anashukuru, anawasalimu wote, na anauliza kama kachumbari wameiweka mbali isilowanishe wali.